Siagi Iko Upande Gani

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu tangu alfajiri, mvua isiyotaka kunyesha wala kuondoka. Baridi kiasi cha kuvaa sweta chini ya koti.

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyoandika kwenye daftari lake kabla hajanywa chai. Mwalimu wa masomo ya jioni aliwahi kuwaambia kwamba kazi yoyote ya maana huanza kwa kuandika tarehe na hali ya hewa. Mwalimu alikuwa akizungumzia majaribio ya maabara. Mkaguzi aliichukua kanuni hiyo akaitumia kwa kila kitu, mpaka barua aliyomwombea mwanawe ruhusa shuleni ilianza na upepo.

Kazini walimwita Shemasi. Hakuwahi kuwa shemasi mahali popote. Kanisani kwao cheo chake cha juu kabisa kilikuwa kupanga viti. Lakini alikuwa na mazoea ya kufumba macho kabla ya kufungua jalada, midomo ikicheza, na jina hilo lilimnata wiki ya kwanza. Yeye hakulikataa. Ukweli ni kwamba lilimpendeza, na kila jioni alitubu kwa kupendezwa nalo.

Ofisi ile ilikuwa ya hataza, yaani ile haki anayopewa mvumbuzi ili mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa. Kwa miaka kumi na tisa Shemasi alikuwa ndiye msukuma kigari cha majalada humo, kutoka stoo ya chini hadi meza za wakaguzi ghorofani. Aliyajua majalada yote kwa uzito, na hakuna hata moja alilolijua kwa maana. Alipofika miaka arobaini na miwili akajiandikisha masomo ya jioni. Alisoma miaka saba, akiketi kati ya vijana waliomwamkia shikamoo kabla ya kumwazima kikokotoo, na mtihani wa hesabu aliurudia mara tatu, kila mara akiwa amefunga na kuomba, mpaka mwalimu akamshauri kwamba safari ya nne ale kwanza. Alikula, akafaulu.

Sasa alikuwa na miaka hamsini, meza yake mwenyewe, kiti kinachozunguka, na barua iliyosema kwamba yuko katika majaribio kwa miezi kumi na miwili. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na mbili.

Kazi ya mkaguzi ni kuuliza swali moja: je, kitu hiki ni kipya kweli? Anapekua nyaraka za uvumbuzi za dunia nzima akitafuta mtu aliyetangulia. Akimpata, ombi limeanguka. Na Shemasi, katika ombi lake la kwanza kulishughulikia peke yake, alikuwa amempata.

Ombi lenyewe lilitoka kwa fundi wa vioo vya magari, mwanamke mwenye karakana ndogo. Kioo cha mbele cha gari la siku hizi hakina raha. Nyuma yake kumebandikwa kamera inayotazama barabara, na vihisi vinavyopima mvua na mwanga, vyote vikichungulia kupitia kioo hichohicho. Viwanda navyo hukipaka utando mwembamba wa madini ya fedha ili kurudisha joto la jua. Utando huo unavipofusha vihisi, kwa hiyo hukwanguliwa kidogo mbele ya kamera, ukabaki uwazi kama kidirisha. Fundi alikuja na wazo la kupitisha umeme mdogo ndani ya utando ule, kuzunguka kidirisha, ili kioo kipate joto na ukungu usitue mbele ya kamera.

Shemasi aliomba, akatafuta, na waraka wa tatu kwenye orodha ulikuwa wa kiwanda kimoja cha ng'ambo, kurasa thelathini na moja. Muhtasari wake ulisema: utando wa fedha kwenye uso wa pili, kidirisha cha kamera, umeme wa kupasha joto. Ombi la fundi lilisema: utando wa fedha kwenye uso wa pili, kidirisha cha kamera, umeme wa kupasha joto. Shemasi aliinamisha kichwa akashukuru. Alishukuru kwa kirefu, akianzia siku aliyoshika kigari mara ya kwanza, mpaka jirani yake wa meza akamletea maji akidhani amepata habari za msiba. Alipomaliza, saa ya kuondoka ilikuwa imefika. Waraka akaufunga ukiwa ukurasa wa tatu, na kesho yake akaandika ripoti: si kipya, likataliwe.

Leo saa nne asubuhi kilikuwa kikao. Kabla ombi halijakataliwa moja kwa moja, mwenye ombi ana haki ya kuja kusikilizwa. Mkuu wa kitengo alikuwa amemwambia Shemasi waziwazi, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka, "Ripoti yako ikisimama leo, nasaini barua ya kukuthibitisha. Ikianguka, mzee wangu, stoo bado wanatafuta mtu."

Ndiyo maana asubuhi ile alitaka kufanya mazoezi.

"Nisikilize kana kwamba wewe ndiye Mkuu," alimwambia mkewe mezani.

Mkewe alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo hospitalini, mwanamke aliyezoea kupokea mashuka mia tatu na kujua kwa jicho moja lipi limekosekana. Alikuwa na dakika ishirini kabla ya kutoka.

"Mkuu huwa anakula nini asubuhi? Maana mimi nakula mkate."

"Kula tu, mama watoto, lakini sikiliza." Akachukua vipande viwili vya mkate. "Kioo cha mbele cha gari si kimoja. Ni viwili vilivyogandishwa kwa plastiki katikati. Hiki ni kioo kimoja, hiki ni cha pili, na hii jibini ndiyo plastiki."

"Jibini hiyo ni ya watoto."

"Nitairudisha."

"Baada ya kuwa plastiki? Nani ataila?"

Shemasi alichukua kisu. Alipaka siagi kipande kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayejua anatazamwa na wakubwa. Akaweka jibini, akafunika, kisha akausimamisha mkate ule wima katikati ya meza, yeye upande huu, mkewe upande ule.

"Vioo viwili, kila kimoja na nyuso mbili. Jumla nne. Siagi ndiyo utando wa fedha. Hesabu nami: uso wa kwanza huu mkavu, wa pili wenye siagi, wa tatu, wa nne. Kiwanda kimepaka uso wa pili. Fundi kapaka uso wa pili. Nimemaliza. Mkuu anasaini."

Mkewe alitafuna, akainamisha kichwa kuchungulia. "Kwangu wa pili hauna siagi."

"Una siagi, mama. Tazama vizuri."

"Natazama. Wa kwanza huu hapa kwangu, wa pili huu umegusa jibini, mkavu. Wa tatu ndio wenye siagi."

"Ni kwa sababu unahesabu kutoka huko."

"Nahesabu kutoka nilipokaa. Kwani wewe unahesabu kutoka wapi?"

"Kutoka nilipokaa."

"Haya. Na hao wenye vioo, wao walikuwa wamekaa wapi?"

Shemasi aliunyanyua ule mkate, akaugeuza upande huu na upande ule. Alibaki ameushika hewani mpaka ukaanza kulegea. Kisha akauweka chini taratibu, akafuta vidole, akaufungua mkoba wake hapohapo kati ya vikombe.

Ombi la fundi, ukurasa wa pili: *Nyuso za kioo nazihesabu kutoka kiti cha dereva, kwa kuwa kazi hii naifanya nikiwa ndani ya gari.* Hilo alilikumbuka. Lilimpendeza hata alipolisoma mara ya kwanza, na tangu hapo naye aliketi kiti cha dereva na hakushuka. Waraka wa kiwanda, ukurasa wa nne, mstari wa pili: *Nyuso zinahesabiwa kutoka nje ya gari. Uso wa kwanza ndio unaotazama barabara.*

Ukurasa wa nne. Yeye alikuwa ameishia wa tatu, akishukuru.

"Kiwanda kimepaka kioo cha nje," alisema polepole. "Fundi kapaka cha ndani."

"Ina tofauti?"

"Ukungu unaoziba kamera unatokana na pumzi za watu ndani ya gari. Unatua kwenye kioo cha ndani. Fundi anapasha joto kioo chenye ukungu. Kiwanda kinapasha cha upande wa barabara, huko kwenye barafu na umande. Ni vitu viwili." Alijishika kichwa. "Miaka saba ya masomo ya jioni, mama. Halafu mtihani wangu unasahihishwa na mkate."

"Wao wanajua?"

"Wakala wa fundi, yule anayemsemea ofisini, kaandika utetezi kurasa kumi na moja. Zote zinahusu umbo la kidirisha. Eti cha kiwanda ni mraba na cha fundi kina pembe za mviringo. Hoja hiyo haifiki popote, Mkuu ataipangusa kama vumbi."

"Kwa hiyo hawajui."

"Hakuna anayejua ila mimi na wewe."

"Na mkate," mkewe alisema, akauvuta ule ushahidi upande wake akaanza kuula. "Utafanyaje?"

"Nitaomba."

"Uliomba tangu saa kumi alfajiri, nilikusikia. Mimi nauliza utafanyaje."

Shemasi alirudisha karatasi mkobani. Mkewe alivaa koti, akamnyoosha kola, akamwambia kwamba jioni wataongea akiwa mkaguzi au akiwa wa stoo, chakula kitakuwa kilekile, akatoka.

Shemasi alikwenda kwa miguu chini ya mwavuli, na njia nzima alikuwa akiomba. Kwa usahihi zaidi, alikuwa akijadiliana. Alianza kwa kumkumbusha Mungu kwamba kazi ya kuona makosa ya mkaguzi ni ya wakala, na mtu asiingilie riziki ya mwenzake. Hoja ilikaa vizuri mpaka kwenye kona ya duka la viatu. Kisha akasema kwamba fundi anaweza kuleta ombi jingine baadaye. Hapo akajikamata mwenyewe, maana alifahamu kuwa ombi hili lilikwisha kutangazwa kwa umma. Likikataliwa, akilirudisha, litapigwa kwa sababu yeye mwenyewe alilitangaza zamani. Akahamia hoja ya tatu, tamu kuliko zote: kwamba akithibitishwa kazini atawatumikia wavumbuzi wengi kwa unyenyekevu kwa miaka kumi ijayo, na mmoja huyu ahesabiwe kama ada ya shule.

Alipofika mlango wa ofisi alikuwa karibu amemshawishi Mungu kabisa. Alipokuwa akikunja mwavuli ndipo alipogundua kwamba Mungu hakuwa amesema neno lolote tangu nyumbani. Aliyekuwa akiitikia amina ni Shemasi peke yake.

Chumba cha vikao kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, glasi sita ambazo mbili hazikufanana na nyingine, na saa ya ukutani iliyokuwa mbele kwa dakika saba. Mkuu alikaa mwisho wa meza na jalada mbele yake. Alikuwa mdogo kwa Shemasi kwa miaka kumi na mitano, na hilo halikumsumbua yeyote kati yao isipokuwa siku za kuchukua picha za idara. Kando yake alikaa karani wa kumbukumbu, msichana mwenye vidole vyepesi ambaye aliandika kila kinachosemwa. Upande wa pili alikuwepo wakala, suti ya kijivu na tai iliyobana, na karibu naye fundi.

Shemasi hakuwahi kumwona. Kwa miezi yote hiyo alikuwa ni mwandiko tu. Sasa alikuwa mtu: mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono yenye makovu madogo membamba ya vioo, koti alilolivaa kama la kuazima, na miguuni pake kipande cha kioo kilichofungwa kwa blanketi.

"Waheshimiwa," wakala alianza, "kwa heshima na taadhima, naomba tuiangalie kwanza dhana ya pembe."

Aliiangalia dhana ya pembe kwa dakika ishirini na tano. Alieleza pembe ya mraba ni nini na imemfanya nini binadamu. Mkuu aliandika neno moja kwenye karatasi yake, akalipigia mstari, na Shemasi aliyekuwa jirani akaliona: *hapana*. Ripoti ilikuwa inasimama. Ilisimama yenyewe, bila yeye kuigusa. Kilichotakiwa kwake ni kukaa kimya, na kukaa kimya ni jambo ambalo watu humsifia mcha Mungu.

"Samahani, mheshimiwa," fundi alimwambia Mkuu.

"Dada yangu, tulikubaliana mimi ndiye nitakayesema," wakala alinong'ona kwa sauti iliyofika mpaka korido.

"Umesema, kaka. Nimekusikia. Hata mimi sasa nazijua pembe." Akamgeukia Mkuu. "Naweza kusema kidogo?"

"Sema, mama. Ndiyo kazi ya kikao."

Fundi aliweka mikono mezani. "Mimi nabadilisha vioo mwaka wa kumi na sita huu. Zamani ukishagandisha kioo umemaliza, mteja unamwona tena akigongwa na jiwe. Siku hizi anarudi baada ya wiki. Fundi, gari linalia. Fundi, kamera haioni. Nafungua, nakuta ukungu, na uko ndani. Wa nje ungepanguswa na waipa. Huu wa ndani, nyuma ya kifuniko cha kamera, mkono hauingii. Mimi mwenyewe nimelala kifudifudi kwenye dashibodi za watu mpaka mgongo umekuwa wa bibi kizee. Ndipo nikawaza, basi kioo chenyewe kijipashe."

Aliligusa blanketi la kioo kwa ncha ya kiatu.

"Kuna kiwanda kingine kimekubali kukitengeneza pamoja nami nikiwa na hataza. Nisipokuwa nayo watakitengeneza bila mimi, walishaniambia usoni, na wala hawakuficha meno. Sasa sitaki kuwapotezea muda. Huo waraka mnaosema umenitangulia sijauona, nimesomewa muhtasari tu, na ni lugha ya wenyewe. Kama mwenzangu alishafanya hivi kabla yangu, yaishe, nitarudi karakana. Ila naomba nionyeshwe alipoandika. Nione kwa macho, hata kama sielewi."

Mkuu aliusukuma waraka juu ya meza. "Shemasi, mwonyeshe mama."

Shemasi alisimama. Akauzungusha waraka umwelekee fundi. Waraka ulikuwa umefunguka ukurasa wa kwanza, na pale palikuwa na mchoro safi: vioo viwili, utando, kidirisha, na namba mbili ndogo ikielekezwa kwa mshale. Kidole chake kilikuwa karibu kabisa na namba ile. Aseme tu, hii hapa, uso wa pili. Maneno machache. Na yangekuwa kweli. Hilo ndilo lililomtoa kijasho chembamba, kwamba lisingekuwa hata uongo.

Akafumba macho.

Chumba kilingoja. Karani, ambaye alikuwa na wajibu wa kuandika kila linalotokea, aliandika *mkaguzi anasali*, akalitazama, akalifuta.

Shemasi hakupata sauti wala ishara. Alichokiona humo gizani ni yeye mwenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini, amesimama na macho yamefungwa mbele ya karatasi iliyo wazi, akiomba aonyeshwe kilichoandikwa juu yake. Kama angekuwa amemkuta mtu mwingine katika hali hiyo angemcheka mpaka machozi. Akafumbua.

"Mkuu, mchoro ni huu hapa, ukurasa wa kwanza," alisema. "Lakini mchoro huu utamdanganya mama kama ulivyonidanganya mimi. Naomba tufungue wa nne."

Alifungua, akasoma mstari wa pili kwa lugha yake, kisha akautafsiri polepole. Kisha akasoma ukurasa wa pili wa ombi la fundi, ule wa kiti cha dereva. Aliviweka viganja vyake viwili wima, kimoja mbele ya kingine, akahesabu kutoka nje, kisha akahesabu kutoka ndani, na hakuna aliyemkatiza.

"Wa pili wao uko kioo cha barabarani," alimaliza. "Wa pili wa mama uko kioo cha dereva. Mimi nilivihesabu vyote kutoka upande mmoja. Waraka huu haujamtangulia. Ripoti yangu ina kosa, na kosa liko kwenye mguu wake wa kwanza."

Wakala alikohoa. "Huko ndiko hasa nilikokuwa nikielekea."

"Kwa njia ipi, kaka?" fundi alimuuliza, kwa upole kabisa.

Mkuu hakucheka. Aliuvuta waraka, akasoma mwenyewe mstari ule, kisha akasoma ule mwingine. Alichukua muda. "Umegundua lini?"

"Leo saa moja kasoro asubuhi. Mezani. Kwa mkate."

"Kwa mkate."

"Wa siagi. Na aliyegundua ni mke wangu, nisijisifu."

"Na waraka huu uliusoma lini?"

"Machi. Nilisoma kurasa tatu." Alihisi masikio yakipata moto. "Nilipofika wa tatu nilianza kushukuru."

Karani aliinua uso. "Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo," Mkuu alisema.

Vidole vilicheza. Shemasi alisikia kila herufi ikigonga. Kumbukumbu za ofisi ile hutunzwa miaka hamsini. Yeye mwenyewe alizipanga kwenye rafu. Kwa hiyo mjukuu wa mtu fulani, siku moja, angesoma kwamba palikuwa na mkaguzi aliyeshukuru ukurasa wa tatu.

Mkuu alifungua jalada nyuma kabisa, akatoa karatasi moja yenye nembo ya ofisi. Kila mmoja aliweza kuona kwamba haikuwa na sahihi. Aliitazama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Hii siisaini leo, Shemasi. Wala siichani. Majaribio yako naongeza miezi sita, na usinishukuru." Akawageukia wageni. "Mama, pendekezo lile la kukataa limefutwa. Hiyo haina maana kwamba umepata. Ombi lako linatakiwa kukaguliwa upya, tangu mwanzo. Kawaida yetu mkaguzi akikosea hivi tunampa mwingine. Wengine wote wana foleni ya mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu," fundi alirudia. "Kiwanda kitakuwa kimeshauza."

"Najua. Sina pa kukupitisha."

Fundi alimtazama wakala wake, aliyekuwa akipanga karatasi za pembe. Akamtazama Shemasi, kuanzia nywele zenye mvi hadi viatu vilivyolowa.

"Mpeni huyuhuyu."

"Ndiye aliyekukosea, mama," Mkuu alisema.

"Sikatai. Lakini humu ndani ni yeye peke yake aliyefika ukurasa wa nne."

Wakala aliacha kupanga karatasi. Mkuu aliinamisha kichwa kidogo, maana waraka ule ulilala mezani kwake pia tangu Machi, na sahihi ya kuipitisha ripoti ilikuwa yake.

"Kanuni zinaniruhusu kumwachia," alisema mwishowe, "mwenye ombi mwenyewe akiridhia. Lakini siwezi kurudisha jalada hili kwa maneno ya hewani. Nataka ahadi, aitamke hapa, na iingie kwenye kumbukumbu. Shemasi, unaweza?"

Shemasi alikuwa bado amesimama. Alitamani kuketi, alitamani maji, alitamani zaidi ya yote dakika moja ya kufumba macho. Hakuyafumba hata nusu. Alimtazama fundi, kwa kuwa ahadi ilikuwa ni yake, kisha karani, vidole tayari juu ya herufi.

"Naahidi mbele ya Mkuu, mbele ya karani na mbele ya wakala," alisema, na sauti ilimtoka ya kawaida, ya mtu anayeagiza chai. "Ombi la mama huyu nitalikagua upya mimi mwenyewe, na kila waraka nitakaoutaja nitausoma wote. Siahidi kwamba jibu litakuwa ndiyo, mama. Huenda kuna mtu amekutangulia kweli na sijamwona bado. Naahidi kwamba likiwa hapana, nitakuita, nitakuwekea kidole kwenye mstari, na nitakungoja mpaka useme umeuona. Na likiwa ndiyo, hutalisikia kwa wakala, utalisikia kwangu. Siku thelathini, kuanzia leo."